Marufuku Kusambaza Kijitabu Hiki

Jumanne, 13 Januari

Mvua tangu alfajiri. Kuku wamekula mashudu na pumba. Vyombo vya maji nimesugua. Vifaranga wote wazima, wanapiga kelele kama kawaida yao. Nikakaa kunywa chai, nikashika simu. Bora ningeiacha.

Kundi la wafugaji. Mtu anaitwa Hango, simjui, picha yake ni jogoo. Amerusha kijitabu changu chote, kurasa arobaini na mbili. Ameandika: "Karibuni wadau, elimu ni bure." Bure ya nani? Miaka mitatu nimekiandika kijitabu kile. Nimezunguka vijiji na sanduku la dawa begani kabla huyo Hango hajajua kuku anaharisha. Anayekitaka ananitumia hela ya soda mbili kwenye simu, namtumia faili. Ndiyo utaratibu. Haumuumizi mtu.

Kinachoniuma zaidi ni onyo. Nimeliweka chini ya kila ukurasa, kwa rangi nyekundu. Haki zote zimehifadhiwa. Ni marufuku kunakili, kuchapisha, kubadilisha au kusambaza kijitabu hiki kwa njia yoyote ile bila idhini ya maandishi ya mwandishi. Atakayekiuka atachukuliwa hatua kali za kisheria. Na yeye amerusha na onyo lake humo humo. Hata kulifuta hakuona haja. Ni kama mtu ameiba mbuzi na kengele shingoni, anapita naye sokoni inalia.

Watu wanamshukuru tu. Mikono ya kuomba, mioyo, moto. Nikawaandikia maneno. Sitayarudia hapa, nina aibu kidogo. Kidogo tu. Kisha nikajitoa kwenye kundi.

Baba Ntandu amecheka mpaka akakohoa. Mume gani huyu.

Jumatano, 14 Januari

Nimeamka na hasira ile ile. Nimeacha nguo kwenye beseni, nimetoka Unyambwa kwenda mjini kwa Shabani wa steshenari. Nilitaka anisaidie kulikuza onyo.

Naingia, mashine yake inatema karatasi. Naangalia. Ni kijitabu changu! Mteja amesimama pale anasubiri nakala yake. Shabani akaniamkia vizuri tu, shikamoo Mama Ntandu, karibu, kaa kwenye kiti. Nikamwonyesha onyo kwa kidole. Akainama akalisoma mpaka mwisho, akasema kweli, hakuwa ameliona. Watu hawasomi chini ya ukurasa, mama. Chini ya ukurasa ni kama chini ya kitanda.

Mteja alipoondoka, tukabishana. Alichosema Shabani ni hiki: mtu akichukua kuku wako, banda limepungua. Akichukua faili lako, faili bado unalo. Sasa ameiba nini? Nikamwambia ameiba mteja. Akasema huyo hakuwa mteja wako, mama, asingepata bure asingesoma kabisa. Jibu lilinijia nikiwa njiani narudi. Ndivyo nilivyo. Na lenyewe halikuwa jibu zuri.

Hata hivyo kazi ameifanya. Sasa kuna maandishi makubwa ya kijivu yanayokata kila ukurasa kutoka pembe hadi pembe: MARUFUKU KUSAMBAZA. Nimefurahi sana kuyaona. Nimeyaangalia mara tano hivi.

Jioni Baba Ntandu kanieleza habari za reli. Amefanya kazi Itigi zaidi ya nusu ya maisha yake, hana habari nyingine. Anasema pale stesheni kulikuwa na kibao, Hairuhusiwi Kuvuka Reli. Bomba la maji liko upande wa pili. Kila asubuhi mji mzima unavuka chini ya kibao na ndoo kichwani. Wanaokiheshimu ni wageni tu, wanakwenda kuzungukia mbali kule darajani na mizigo yao. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, anasimulia tu.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemtumia mteja mmoja toleo jipya. Amelalamika kwamba majedwali hayasomeki, yale maneno ya kijivu yamekaa juu ya namba. Nimemjibu vibaya. Mvua bado.

Ijumaa, 16 Januari

Saa nne asubuhi simu imeita. Namba ngeni. Mwanaume, jina lake Samweli, yuko Ulemo, Iramba huko. Ameanza kwa kuomba msamaha. Nisamehe mama, sikukinunua kijitabu, nimekipata kwenye kundi. Nikajiandaa kumchamba. Kabla sijaanza akasema vifaranga vyake vimekufa. Arobaini. Walikuwa wanahara damu, akawapa dawa ya unga kama kijitabu kinavyosema, kesho yake wakaanza kulala mmoja mmoja.

Nikamuuliza alichanganyaje. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Nikamwambia hapana, lita kumi. Akasema mama, ukurasa wa kumi na tisa, lita moja. Nikamwambia kwa ukali kabisa kwamba hawezi kunifundisha kitabu changu.

Nikafungua. Lita 1.

Nikatafuta daftari langu la zamani, lile nililoandikia kwa mkono. Lita 10. Ipo hapo wazi. Mwezi wa kumi niliandika upya yale majedwali kwenye simu kwa sababu yalikuwa hayakai sawa. Sifuri imeanguka hapo. Hakuna aliyeiangusha ila mimi. Tangu mwezi wa kumi kila aliyesoma ukurasa wa kumi na tisa amesoma sumu, yenye jina langu.

Samweli vifaranga vyake vilikufa Jumatano. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia siku ile ile, namba yangu iko ukurasa wa mwisho. Akasema aliogopa. Ile ya hatua kali za kisheria. Alifikiri nikijua anacho bila kulipa nitampeleka polisi. Siku mbili anajishauri. Na ndani ya siku hizo mbili jirani yake naye amewapa wake.

Sijala. Baba Ntandu ameweka ugali mbele yangu, akauondoa, akaurudisha tena.

Jumamosi, 17 Januari

Nimeandika masahihisho. Ukurasa mmoja, maelezo yote ya dawa upya, na juu yake: Kijitabu kina kosa ukurasa wa 19, si lita 1, ni lita 10, ukizidisha dawa unaua. Nimewatumia wote walionunua ambao namba zao ninazo. Hao ni wachache. Waliopata kwa akina Hango ni wangapi? Na wao wamewapa akina nani? Sijui. Hakuna anayejua. Nimekaa nikiwaza watu ambao sitawajua kamwe, wanakoroga dawa kwenye ndoo.

Ikabidi nirudi kwenye kundi. Nilikojitoa Jumanne kwa matusi. Nimemwandikia admini, nikamwomba aniingize. Kimya. Ameona, alama zimegeuka bluu. Nikamwandikia tena, mwanangu nakuomba, ni jambo la uhai wa kuku wa watu. Saa saba mchana ndio akanirudisha. Mtu wa kwanza kuniona akaandika, "Mwenye haki zote amerudi." Wakacheka. Nilistahili. Nikaweka masahihisho. Mtu akaweka tangazo la mayai ya kanga, mazungumzo yakaenda huko.

Loo. Jumanne nilikuwa nawalaani kwa kusambaza. Leo naomba wasambaze, hakuna anayegusa.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani mwili tu. Simu kwenye mkoba, nimeiweka kwenye mtetemo, kila ikitikisika nataka kutoka nje.

Baada ya ibada nikasoma majibu. Asante mwalimu. Asante mama kwa taarifa. Ubarikiwe. Halafu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua mwezi wa kumi na moja, mtu wa adabu sana: "Mama shikamoo. Naomba kuuliza, naruhusiwa kumtumia shemeji yangu ukurasa huu? Naona chini umekataza."

Chini nimekataza nini? Nikafungua ule ukurasa wa masahihisho.

Jamani. Onyo lipo. Lote, jekundu, pamoja na yale maandishi makubwa ya Shabani yanayokata katikati. Niliandika masahihisho ndani ya faili lile lile nililotengenezewa Jumatano, nikafuta ya juu, nikaacha ya chini. Nimewaambia watu dawa inaua, na kwenye karatasi hiyo hiyo nimewaambia atakayemwambia mwenzake atashtakiwa. Mjinga mimi. Mjinga kabisa, sijaona mfano.

Siku nzima jana. Wangapi wamesoma, wakamfikiria shemeji, wakamfikiria jirani, wakaona chini, wakaiweka simu mfukoni? Wale waungwana. Wale wale walionilipa.

Nimetuma upya bila chochote chini. Nimeandika kwa herufi kubwa SAMBAZA. Ikaonekana kama ule uongo wa kwenye simu wa tuma kwa watu kumi upate baraka. Sijui nani atauamini.

Jumatatu, 19 Januari

Kuna mtu mmoja anayenikosesha raha kuliko wote. Felista. Katibu wa kikundi cha akina mama Mtinko. Walipewa vifaranga kabla ya Krismasi, kila mama na wake, jumla yao wengi sana. Hesabu ya umri wao naijua: hii ndiyo wiki ya kuhara damu, na mvua hii. Masahihisho kwake hayajafika. Alama moja tu. Napiga, simu haipatikani. Ijumaa haipatikani, Jumamosi, Jumapili, leo.

Na nitaandika hapa jambo ambalo Baba Ntandu halijui. Mwezi wa kumi na moja Felista alinipigia. Alikuwa amenunua nakala moja. Akauliza kwa heshima kama naweza kumruhusu achapishe ile moja, wanakikundi wengine hawana simu za kufungua faili. Nikamkatalia. Nikamwambia kila mmoja anunue ya kwake, soma onyo. Nilisema kwa ile sauti yangu ya ofisini. Akasema, sawa mama, nimekuelewa. Hakukasirika hata. Nilikata simu nikajiona mwanamke wa biashara.

Sasa sijui walifanya nini. Labda hawakusoma kabisa. Natamani hivyo. Mwandishi anaomba asiwe amesomwa!

Baba Ntandu amesema neno moja. Nenda.

Jumanne, 20 Januari

Nimeenda, nimerudi. Nimechoka hata kushika kalamu lakini nisipoandika leo sitaandika.

Daudi wa pikipiki amenipeleka. Matope mpaka magotini, nimeshuka mara mbili nikasukuma. Akasema mama, habari gani hii isiyoweza kusubiri barabara ikauke? Nikamwambia sifuri. Akaniangalia.

Bahati, Jumanne ndiyo siku ya kikundi chao. Wamekaa kwenye baraza la ghala la zamani la alizeti. Wanawake kumi na wanane hivi. Mkekani kuna vipakiti vya dawa. Ile ile ya unga. Vimepangwa safu, kimoja kwa kila mama. Nikauliza kama wameshawapa. Wakaitikia salamu yangu, wakanikaribisha kiti, hakuna aliyejibu swali.

Felista ni mwembamba, mrefu, kilemba cha bluu. Simu yake iliingia maji wiki iliyopita. Nilipotaja jina langu uso wake ukabadilika. Nikasema nimekuja kwa ajili ya kijitabu, naomba kuona nakala mnayoitumia. Akasema, "Hatuna nakala, mama."

Nikasema mnayo, uliinunua. Akasema ile ya kwenye simu, na simu imekufa. Nikamuuliza wanajifunza kwa kutumia nini basi. Akasema wanakumbuka kumbuka tu. Wengine wote macho chini. Mmoja akavuta khanga yake juu ya kitu alichokalia. Nikaona pembe ya daftari, lile kubwa la jalada gumu.

Nikaelewa. Walidhani nimekuja kuwakamata.

Hapo nimejichukia kuliko siku yoyote. Nimetembea vijiji hivi nikiwa msichana, wanawake wananiletea kuku mgonjwa kwapani kabla sijashuka kwenye baiskeli. Leo wananificha daftari. Wanakalia.

Nikaanza kueleza. Nikaeleza vibaya. Nikasema toleo, nikasema masahihisho, nikasema jedwali, kadiri ninavyosema ndivyo wanavyozidi kunyamaza. Wananiona mtu wa serikali. Felista akarudia, mama, hatukuchapisha, hatukusambaza, tulisoma onyo lako tukaliheshimu, Mungu ni shahidi. Machozi yanamlengalenga. Nami nimesimama pale, dawa ziko mkekani.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja, Bibi Salome, mzee kuliko wote, hajui kusoma. Nilisema, kwa kukata tamaa, kwamba huenda basi hawajafika ukurasa wa dawa. Akaona nimewadharau. Akasema, "Tumefika! Tumepita kabisa!" Akaanza kuutamka ule ukurasa kwa sauti, neno kwa neno, huku akikunja vidole. Ukiona kinyesi chenye damu usingoje. Tenga wagonjwa. Badilisha maranda. Koroga kijiko kimoja cha chai cha dawa kwa maji lita moja. Wape siku tano. Hakuacha hata nukta. Ni maneno yangu, kutoka kinywani mwa bibi yule, na humo ndani kuna lile kosa, limehifadhiwa vizuri kabisa.

Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Bibi, hapo nimekosea. Mimi. Ni lita kumi. Hiyo ya moja inaua."

Mama mmoja aliyekaa nyuma karibu na mlango akaanza kulia kwa sauti ndogo. Zaituni. Aliona damu Ijumaa, hakungoja Jumanne, alinunua dawa mwenyewe Jumamosi. Ishirini alipewa. Wamebaki wawili. Alikuwa hajamwambia mtu sababu. Alifikiri ni yeye aliyekoroga vibaya, maana kijitabu hakiwezi kukosea, kimeandikwa mpaka sheria chini.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Wengine walikuwa wawape leo. Leo jioni, baada ya kikao. Kila mtu na kipakiti chake, na kidumu cha lita moja wamekuja nacho kutoka nyumbani ili Felista awaonyeshe kipimo. Vile vidumu vilikuwa pembeni ukutani, nilivipita wakati naingia sikuviona.

Wakatoa daftari. Felista amenakili kijitabu chote kwa mkono. Kurasa zote arobaini na mbili, mwandiko wa shule, michoro ya banda kwa penseli na rula. Alikesha wiki mbili. Alisema hivi: onyo lilikataza kuchapisha, yeye hakuchapisha. Neno kunakili lilimsumbua, akamuuliza mwalimu, mwalimu akasema naona hata hilo limekatazwa. Lakini alikuwa ameshafika ukurasa wa thelathini. Kwa hiyo aliliandika na onyo pia. Ameliandika chini ya kila ukurasa, kwa kalamu nyekundu, na daftari halitoki ndani ya ghala. Wakitaka kukumbuka, wanakuja. Zaituni hakuweza kulibeba kwenda nalo nyumbani, la sivyo labda angeiona namba yangu akanipigia, sijui.

Nimeongeza sifuri kwa mkono wangu. Nimeweka na sahihi pembeni. Kisha tukaleta ndoo, nikawakorogea mwenyewe, lita kumi, wakaangalia rangi ya maji. Bibi Salome akautamka upya ukurasa mara tatu mpaka lita kumi ikakaa.

Naondoka, Felista akanishika mkono. Akauliza kama lile daftari sasa ni halali. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, nikapanda pikipiki.

Jumatano, 21 Januari

Nimempelekea Zaituni vifaranga ishirini kwa mkono wa Daudi. Kwenye boksi la sabuni, matundu pande zote. Banda limekuwa kimya. Samweli wa Ulemo nimemwambia mtetea wangu akitotoa wake wanakuja. Akasema hapana mama, kosa langu pia, sikununua. Nikamfokea. Kununua hakuhusiani, wewe! Waliolipa wamesoma lita moja kama wewe.

Ijumaa, 23 Januari

Siku mbili nipo mbele ya faili. Nafuta onyo, nalirudisha. Nalifuta.

Nataka kuwa mkweli hapa, hakuna anayesoma. Bado namchukia Hango. Nikimuona barabarani nitamwambia. Kazi ni yangu, usingizi niliopoteza ni wangu, na kama kila mtu atapata bure, kile kijitabu cha ufugaji wa kanga nilichoanza sitakimaliza, nitaenda kulima tu kama watu wengine. Shabani anasema faili bado ninalo. Ndiyo ninalo. Kuwa nalo hakunilishi.

Lakini onyo limefanya nini? Nimejaribu kumtaja mwizi mmoja liliyemzuia. Simpati. Hango hakulisoma. Shabani hakuliona. Lilimzuia Samweli kunipigia. Lilimzuia mwalimu kumwonya shemeji yake. Lilimfungia Felista daftari ghalani. Waliolitii wote ni watu ambao ningewakaribisha nyumbani kwangu. Nimemsomea Baba Ntandu orodha hii. Akasema, wageni wa stesheni. Nikamwambia anyamaze na reli yake.

Na kuna kitu kimoja ambacho ni kweli nakitaka. Jina langu libaki, na namba. Si kwa sifa. Sawa, kidogo kwa sifa. Lakini vifaranga vikifa mtu ajue pa kwenda kulia. Mtu akikata jina, amekata na njia ya kunifikia.

Mwisho nimeandika hivi, chini ya kila ukurasa, rangi nyeusi: Hili ni toleo la Januari. La zamani lina kosa ukurasa wa 19, lifute. Ukiweza kulipia, lipia. Usipoweza, soma, na umpe mwenzako. Usikate jina langu wala namba: kuku wakifa, nipigie.

Sina uhakika nalo. Nimetuma. Felista, kupitia simu ya mumewe, amejibu neno moja, tumeona.

Jumanne, 27 Januari

Jua, baada ya wiki mbili. Nimeanika magunia ya pumba.

Saa kumi alasiri mtu amepiga kutoka upande wa Manyoni. Mzee, sauti ya taratibu. Nikamwamkia. Akasema hatujuani ila ana jambo la kuniarifu, maana yeye hapendi dhuluma. Ana karatasi mbili za dawa ya kuhara damu, zote zimetoka kwenye simu ya mkwewe. Moja ni kijitabu changu, kina jina langu, namba yangu, na onyo la sheria kwa rangi nyekundu, kitu kinachoeleweka. Ya pili ni ukurasa mmoja tu, hauna onyo, una jina la mtu mwingine, anajiita mtaalamu. Maneno ni yale yale ya kwangu, ila huyo mtu amebadilisha kipimo. Ameandika lita kumi.

Akasema, "Mwanangu, huyu amekuibia kazi yako, na ameiharibu. Nimeona nikwambie kabla sijawapa kuku. Nafuata ya kwako."

Nikamuuliza jina la huyo mtaalamu. Akalisoma. Simjui. Nikamwomba anisomee ukurasa wote. Ni masahihisho yangu, niliyoyaandika Jumamosi ile. Amekata jina langu juu pamoja na ile habari ya kosa, ameweka jina lake. Na yamefika Manyoni.

Nikamuuliza kama maji ameshakoroga. Akasema yapo kwenye kidumu hapa miguuni, bado hajawapa.

Nikamwambia, "Mwaga hayo, baba. Fuata ya huyo mwizi."

Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo. Nikasikia maji yanamwagika chini. Akanishukuru, akasema atachota mengine, akakata.